Kadi Haifi, Draiva Ndiyo Hufa

Kuna sentensi moja ambayo wasee wa kompyuta hapa Nairobi wameisikia sana: "Hiyo kadi imekufa, tafuta ingine." Umenunua kadi ya grafiki ya mtumba, umeichomeka, umepakua draiva ya mamia ya megabaiti kwa bando yako mwenyewe, halafu ikifika karibu mwisho inakwambia imeshindwa. Ama skrini inageuka nyeusi ghafla. Ama picha inakuja lakini gemu inasonga kama jamu ya Mombasa Road saa kumi na mbili jioni. Fundi anaangalia dakika mbili, anatingisha kichwa, hukumu imetoka.

Maoni yangu ni haya, na nitayatetea hadi chini: mara nyingi hiyo kadi iko hai. Kilicho na shida ni programu inayoiongoza, na shida yenyewe haikuanza kwako wala kwa fundi. Ilianza kwenye maamuzi ya makampuni, tangu miaka ya 1980 mpaka juzi tu. Kila ujumbe wa kosa unaouona kwenye skrini una tarehe yake ya kuzaliwa. Ukijua historia yake, unajua pa kuanzia kutengeneza. Na unajua pia ni nani wa kumkasirikia.

Matatu bila dereva

Kwa Kiswahili tuna bahati, kwa sababu "dereva" na "draiva" ni neno moja lililoingia nyumba mara mbili, na kazi yao inafanana. Matatu inaweza kuwa mpya, michoro kali, muziki unatetemesha vioo, lakini bila dereva haitoki steji. Kadi ya grafiki ni hivyo hivyo. Chipu iliyo ndani haielewi Windows wala gemu yako. Inaelewa amri zake tu, na amri hizo hubadilika kila kizazi kipya cha kadi. Draiva inakaa katikati: gemu inasema "chora huu ukuta", draiva inageuza hayo kuwa amri ambazo chipu inazielewa.

Dereva akikosekana, kompyuta haizimi. Inarudi kwenye njia ya msingi ya kuchora ambayo karibu kila kadi inaielewa. Babu wa njia hiyo ni VGA, ambayo IBM ilileta mwaka 1987 ikiwa na nukta 640 kwa 480 na rangi 16. Kwa hivyo ukifungua Device Manager na kukuta jina "Microsoft Basic Display Adapter", usilie bado. Windows inakwambia hivi: kuna kitu hapa kinatoa picha, lakini sina dereva wake. Matatu iko, mtu wa kuiendesha ndiye hayuko.

Ugomvi ulianza na printa

Swali la nani anamiliki draiva ni la zamani kuliko kadi za gemu. Karibu mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, ilipata printa mpya ya leza kutoka Xerox. Printa ilikuwa inakwama karatasi. Mwanaprogramu mmoja wa hapo, Richard Stallman, alikuwa amewahi kurekebisha programu ya printa ya zamani ili iwaambie watu ikikwama. Akataka kufanya hivyo kwa hii mpya pia, lakini msimbo wake haukutolewa. Alipomfuata mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akaambiwa hapana, kuna mkataba wa siri.

Printa ilikuwa yao. Karatasi zilikuwa zao. Lakini hawakuwa na ruhusa ya kujua inavyoongozwa. Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, ambao baadaye ukawa sehemu kubwa ya kile tunachoita Linux leo. Vita yote ya programu huria, manze, ina printa iliyokwama karatasi kwenye chanzo chake.

Kumbuka hiyo printa, kwa sababu kadi ya grafiki imerudia hadithi ileile kwa sauti kubwa zaidi.

Kampuni ilikufa, kadi ikabaki yatima

Mwaka 1996 kampuni ya Marekani inayoitwa 3dfx ilileta Voodoo Graphics. Hii kitu ilikuwa ajabu. Haikuweza hata kuchora desktop ya kawaida. Ulihitaji kadi yako ya zamani kwa kazi za kila siku, kisha waya ukatoka kwenye kadi hiyo kuingia Voodoo, na Voodoo ikachukua skrini gemu ya 3D ikianza. Pamoja na kadi, 3dfx ilileta lugha yake ya kuandikia gemu, Glide. Gemu ya Glide ilipendeza sana kwenye Voodoo, lakini kwenye kadi ya kampuni nyingine lugha hiyo haikuwa na maana.

Wakati huohuo Microsoft ilikuwa inasukuma DirectX, iliyoanza 1995, kama lugha moja ya kadi zote. NVIDIA nayo ikaleta GeForce 256 mwaka 1999 na kuitangaza kama GPU ya kwanza duniani. Desemba 2000, 3dfx ikakubali kuuza mali yake nyingi kwa NVIDIA, na mwaka 2002 ikafilisika rasmi.

Sasa angalia kilichowapata wateja. NVIDIA ilichukua hataza na teknolojia, haikuchukua jukumu la kuhudumia kadi za Voodoo. Windows XP ilipotoka 2001, hakukuwa tena na kampuni ya kuandika draiva kamili kwa kadi hizo. Vipande vya silikoni vilikuwa vizima kabisa. Walioziokoa ni mashabiki, watu wasiolipwa, walioendelea kurekebisha draiva kwa miaka baada ya kampuni kuzikwa.

Somo la kwanza ndilo hilo: kadi inaweza kuishi kuliko kampuni yake, lakini haiwezi kuishi kuliko draiva yake.

Mwaka Vista iliangusha kila mtu

Januari 2007 Microsoft ilifungulia umma Windows Vista, na ndani yake ikabadilisha kabisa jinsi draiva za grafiki zinavyofanya kazi. Wazo lilikuwa zuri. Sehemu kubwa ya draiva iliondolewa kwenye kiini cha mfumo ili ikianguka isibebe kompyuta nzima. Ikawekwa pia saa: kadi ikikaa sekunde 2 bila kujibu, Windows inaianzisha upya. Ule ujumbe wa kwamba draiva ya skrini iliacha kujibu kisha ikapona, ambao umewahi kukukatiza katikati ya mechi, ulitoka hapo. Na mpaka leo sekunde ni zilezile 2.

Shida ni kwamba makampuni ya kadi yalitakiwa kuandika draiva upya, na hazikuwa tayari. Baadaye kesi ilifika kortini Marekani kuhusu vibandiko vya "Vista Capable" vilivyowekwa kwenye kompyuta ambazo hazikuweza kuendesha Vista vizuri. Nyaraka za ndani za Microsoft zikatoka hadharani mwaka 2008. Kati ya visa vya Vista kuanguka vilivyorekodiwa, karibu asilimia 29 vilihusishwa na draiva za NVIDIA. Za Microsoft yenyewe zilikuwa karibu asilimia 18, na za ATI karibu 9. Kwenye barua pepe zilizofichuliwa, mkubwa mmoja wa Microsoft, Mike Nash, alilalamika kwamba kompyuta aliyonunua kwa dola 2,100 imebaki ya kusomea barua pepe tu.

Huyo ni mkubwa wa kampuni iliyotengeneza mfumo wenyewe, na kibandiko kilimdanganya. Kwa hivyo usikubali mtu akwambie ulikwama kwa sababu hujui kompyuta.

Vista ya biti 64 iliongeza sheria nyingine: draiva inayoingia kwenye kiini cha mfumo lazima iwe na sahihi ya kidijitali. Hiyo ilizuia virusi vingi, na mimi naikubali. Lakini pia ilifanya draiva iliyorekebishwa na shabiki, kama zile zilizookoa Voodoo, ikataliwe mlangoni.

Halafu kuna Machi 2010. NVIDIA ilitoa draiva namba 196.75, kisha ikaiondoa haraka baada ya watu kuripoti kwamba ilivuruga feni na kadi zikapata joto kupita kiasi. Yaani programu tu, na ingeweza kuchoma chuma. Wale wanaosema "weka mpya kila mara, hakuna shida" wasome hiyo.

Kidole cha Finland

Watu wa Linux walikuwa na maumivu yao. AMD, iliyonunua ATI mwaka 2006, ilianza 2007 kutoa nyaraka za kadi zake ili watu waandike draiva za wazi. NVIDIA ilibaki imefunga. Kundi la wanaprogramu likaanzisha mradi wa Nouveau, neno la Kifaransa lenye maana ya "mpya". Walikuwa wanachunguza kadi inavyofanya kazi na kukisia amri zake moja moja, kama mtu anayejifunza lugha kwa kusikiliza majirani kupitia ukuta. Mwaka 2010 kazi yao iliingia kwenye kiini cha Linux.

Juni 2012, kwenye mazungumzo katika Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliulizwa kuhusu NVIDIA. Akageukia kamera na kuonyesha kidole cha kati. Video imezunguka dunia. Watu wanaichekea, lakini ilikuwa printa ya MIT inarudi: chuma ni changu, kwa nini siruhusiwi kujua kinavyoongozwa?

Na ikawa mbaya zaidi kabla ya kuwa nafuu. Kuanzia kadi za GTX 900, zilizoanza kutoka 2014, chipu ilidai programu yake ya ndani iwe na sahihi ya NVIDIA. Nouveau haikuweza kuongeza kasi ya kadi hizo, zikakwama kwenye mwendo wa chini wa kuwashia. Mei 2022 NVIDIA hatimaye ilifungua sehemu ya draiva yake ya Linux inayokaa kwenye kiini. Lakini ufunguzi huo unahusu kadi za kizazi cha Turing, kilichoanza 2018, na za baadaye.

Sasa fanya hesabu kidogo. GTX 950, 960, 970, 1050, 1050 Ti, 1060, 1070. Hizo ziko katikati. Ni mpya mno kwa Nouveau kuzisukuma vizuri, ni za zamani mno kwa ule mlango wa 2022. Na kwa mtaa wetu, hizo ndizo kadi.

Historia inafika Luthuli

Kabla ya 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, polepole na ghali. Draiva ilikuja kwa CD ndani ya boksi, na CD ikipotea umeenda. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na mambo yakaanza kubadilika. Sai draiva iko mtandaoni, lakini shida imebadilisha nguo tu: unalipia kila megabaiti, na Windows Update inaweza kukuwekea draiva yake kimya kimya huku wewe uko katikati ya kuweka yako.

Mashine zetu nyingi ni ex-UK. Ni kompyuta za ofisi zilizomaliza kazi Ulaya, tunazinunua, tunachomeka kadi, na mtu anaanza kuedit video, kufanya 3D, kuchapa gemu, kulipa rent. Mimi mwenyewe naedit kwa mashine ya aina hiyo. Na wanaonifuata DM kuuliza kuhusu draiva hawataki kadi mpya ya laki. Wanataka hii waliyo nayo ifanye kazi.

Kuna pia matapeli. Kuna kadi zinazouzwa kama GTX 1050 Ti kumbe ndani ni chipu ya zamani kama GTS 450, BIOS yake imeandikwa upya ili idanganye jina. Ukiweka draiva ya kweli ya 1050 Ti, inakataa ama inakuletea Code 43. Hapo si draiva mbovu. Hapo draiva ndiyo shahidi pekee mkweli chumbani. Tatizo lilienea hadi programu ya bure ya GPU-Z ikaongeza mwaka 2018 uwezo wa kutambua kadi bandia za NVIDIA.

Lakini hata Code 43 ina historia chafu upande wa pili. Kwa miaka kadhaa, draiva ya Windows ya kadi za GeForce ikigundua inaendeshwa ndani ya kompyuta pepe, ilikataa kufanya kazi na kutoa kosa hilohilo, ingawa kadi ilikuwa nzima na halali. NVIDIA ilikuja kuruhusu mwaka 2021. Kwa hivyo kosa moja linaweza kumaanisha "umeuziwa feki", ama "kitu kimeharibika", ama "kampuni haitaki ufanye hivyo". Ndio maana nasema soma historia kabla ya kutupa kadi.

Sasa tengeneza

Nimekaa mbele ya mashine za wasee wengi, na mpangilio wangu unafuata historia hiyo hiyo.

Kwanza, ijue kadi kwa namba, si kwa kibandiko. Fungua Device Manager, ingia kwenye sifa za kadi, tafuta Hardware Ids. Ukiona VEN_10DE ni NVIDIA. VEN_1002 ni AMD. VEN_8086 ni Intel, waliochagua namba ya prosesa yao ya 1978. Tafuta namba yote mtandaoni ama tumia GPU-Z. Kama jina halilingani na la boksi, rudi kwa muuzaji leo, si kesho.

Pili, angalia waya. Mashine ya ofisi huwa na grafiki za Intel ndani. Ukichomeka skrini kwenye tundu la mashine badala ya tundu la kadi, kadi inakaa bure. Angalia umeme pia: tundu la kadi kwenye ubao hutoa hadi wati 75. Kadi inayodai waya wa ziada wa umeme na haujaupata, hakuna draiva itakayoisaidia.

Tatu, angalia Windows yako ni ya biti ngapi. NVIDIA iliacha kutoa draiva mpya za biti 32 mwaka 2018. Kama aliyekuwekea Windows aliweka ya biti 32, draiva ya sasa itagoma na haitakuwa kosa la kadi.

Nne, zima intaneti, ingia Safe Mode, futa draiva za zamani kwa programu ya bure inayoitwa DDU. Mabaki ya draiva ya AMD yanaweza kupigana na ya NVIDIA. Ukimaliza, washa upya na uweke draiva uliyoipakua mapema, intaneti ikiwa bado imezimwa, ili Windows Update isikutangulie.

Tano, mpya si lazima iwe bora. Skrini ikianza kuwa nyeusi baada ya apdeti, rudi kwenye toleo lililokuwa sawa. Ikitulia, umepata jibu bila kununua chochote. Ukiwa umejaribu matoleo mawili matatu, umebadilisha mashine, na bado picha ina mistari hata kabla Windows haijawaka, hapo sasa nakubaliana na fundi. Hiyo imekufa.

Kwa nini hii ni ya sasa hivi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. NVIDIA nayo ilitangaza kwamba kwa kadi za Maxwell na Pascal, yaani kuanzia GTX 750 mpaka familia yote ya GTX 1000, draiva za kuboresha gemu zinafika kikomo mwezi huohuo, kisha zibaki apdeti za usalama tu mpaka Oktoba 2028. Kadi za kizazi cha nyuma yao, Kepler, ziliachwa 2021.

Sisemi kampuni ihudumie kadi milele. GTX 1060 ilitoka 2016, hiyo ni huduma ndefu na napeana heshima. Ninachokataa ni kufunga mlango na kuondoka na ufunguo. Linganisha na AMD: kadi ya HD 7970, iliyoanza kuuzwa Januari 2012, bado inafanya kazi kwenye Linux kwa draiva ya wazi, kwa sababu nyaraka zilitolewa na watu wakaendelea na kazi. Hiyo inaonyesha inawezekana. Kampuni ikichoka na kadi, itoe nyaraka na ruhusa ya ile programu ya ndani, ili vijana wa Kayole, Kisumu na Mombasa wenye kadi nzima waendelee nazo. La sivyo kile wanachokiita taka ya kielektroniki kitarundikana kwetu kikiwa bado kinapumua.

Kabla hilo halijatokea, fanya kitu kimoja wikendi hii. Tafuta toleo la draiva linalofanya kazi vizuri kwenye mashine yako, lipakue lote, liweke kwenye flash, na uandike namba yake kwa kalamu juu ya kadi yenyewe. Siku ukiiuza, mpe mnunuzi hiyo flash pamoja na kadi.